Mlinzi Asiyekunywa Maji

Kila aliyenunua chakula kwa Mbambu alipewa na kikombe cha maji. Aliyachemsha alfajiri, akayapoza ndani ya mtungi wa udongo aliouweka nyuma ya kibanda, na kufikia saa sita mchana yalikuwa baridi kiasi cha kuuma meno. Madereva wa malori waliyanywa kwa mkupuo mmoja na kuomba mengine. Wapakiaji walikunywa nusu, nusu wakajimwagia kichwani. Mtu mmoja tu alirudisha kikombe kikiwa kimejaa vilevile, naye alikuwa mlinzi wa lango lililotazamana na kibanda.

Kibanda kilikuwa kwenye bandari ya Port Bell, kando ya barabara inayoteremka ziwani, na lango lilikuwa la ghala la nafaka. Mlinzi aliitwa Adyero. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mrefu, aliyesimama wima kama askari wa gwaride ingawa jeshini hakuwahi kuingia. Askari alikuwa baba yake. Adyero alikulia kambini, leo Kitgum, kesho Jinja, kesho kutwa Mubende, kila mahali baba alikohamishiwa, na Kiswahili alichokiokota huko kilikuwa kifupi kama amri. Mbambu alitoka Butembo, Kongo, miaka sita nyuma, yeye na mumewe Emile na watoto watatu. Kiswahili chake kilikuwa kirefu na kilijaa maswali. Wawili hao walielewana vizuri, ila mmoja ndiye aliyesema zaidi.

Kule Butembo Mbambu alikuwa akifanya kazi kwenye kituo cha kupima watoto. Aliwaning'iniza kwenye mizani, akasoma mshale, akaandika uzito kwenye kadi, na mtoto akipungua uzito, Mbambu alimfuata hadi nyumbani kwao kujua kisa. Kazi ilibaki Kongo, tabia akaja nayo. Kwa hiyo kikombe cha Adyero kiliporudi kimejaa siku ya kwanza, alikiona. Siku ya tano alianza kuhesabu. Siku ya kumi na mbili alimwambia Emile wakati wa kula.

"Kuna mlinzi hanywi maji."

"Labda hapendi maji yako," Emile alisema.

"Hanywi ya mtu yeyote. Hana hata chupa. Na jua hili."

Jua lile la Februari lilikuwa limezidi. Mvua ilikuwa haijaonekana tangu kabla ya Krismasi. Lami ililainika mpaka ikashika nyayo za viatu, na mabehewa yaliyosubiri kupakiwa kwenye meli yalikuwa hayashikiki kwa mkono mtupu. Joto la pale lilikuwa la unyevu, la kumkalia mtu mabegani. Ziwa lenyewe lilionekana kutoka langoni, jeupe kwa mwanga, umbali wa kutupa macho tu. Adyero alisimama akilitazama tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, amevaa sare nzito ya buluu iliyofungwa vifungo hadi shingoni, na hakunywa kitu.

Kuna jambo jingine Mbambu aliliona. Adyero hakutaka mchuzi. Alinunua muhogo wa kuchoma, au mandazi, au karanga zilizokaangwa kwa chumvi, akala amesimama, macho hayaondoki langoni. Akiwekewa maharage yenye mchuzi alisema, "Hapana, kavu tu." Na karibu kila alasiri alimeza vidonge vya kichwa bila maji, akikunja uso.

Siku moja ya Jumanne, kama saa tisa hivi, lori lilipiga honi langoni. Likapiga tena. Mbambu aliinua kichwa akaona lango halifunguki. Adyero alikuwa ameshika komeo kwa mikono miwili, macho ameyafumba, kama mtu anayesikiliza kitu ndani ya chuma. Kisha akaporomoka chini.

Mbambu aliacha mwiko ndani ya sufuria akakimbia. Dereva na utingo wake walifungua lango wenyewe, na Mbambu akamkokota Adyero hadi kwenye kivuli cha kibanda. Akamfungua vifungo viwili vya juu, akamwekea kitambaa chenye maji shingoni. Ngozi ilikuwa ya moto na midomo imepasuka. Akamletea kikombe mdomoni. Adyero alimeza mara mbili, akakisukuma.

"Inatosha."

"Haitoshi."

"Inatosha, Mama Bénit."

Alikuwa akimwita hivyo, kwa jina la kifunguamimba wake. Madereva wawili walikuwa wamesimama karibu wakitazama. Mbambu akawaambia waende upande wa pili wa kibanda, chakula kitawafuata. Walipoondoka akachuchumaa mbele ya mlinzi.

"Mimi si polisi," alisema. "Lakini nimekuona siku nyingi. Niambie, kwa nini hunywi?"

Adyero alitazama lango. Utingo alikuwa amesimama pale kumshikia, amejinyoosha kama yeye ndiye mwenye ghala.

"Nakunywa saa kumi na moja asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani. Kikombe kimoja. Kingine nakunywa saa moja jioni nikirudi."

"Na katikati?"

"Katikati iko lango."

Halafu akaeleza, kwa sauti ya chini, bila kumtazama. Choo cha ghala kilikuwa ndani, nyuma ya ofisi, na ufunguo alikaa nao karani wa stoo. Kwenda na kurudi ni dakika kumi, na kanuni ilisema lango lisiachwe hata dakika moja. Walinzi wanaume walipobanwa walivuka barabara wakaenda nyuma ya mabehewa, wakarudi kabla hata mtu hajakohoa. Yeye hangeweza kufanya hivyo mbele ya madereva na wapakiaji. Mara moja tu, mwezi wa kwanza wa kazi, alikimbia chooni. Aliporudi alimkuta msimamizi wa walinzi, Okidi, amesimama langoni akitazama saa yake ya mkononi. Akapewa onyo la maandishi.

"Ya pili nafukuzwa," alisema. "Mume wangu polisi, iko Moroto. Watoto wawili niko nao peke yangu. Basi nikaona nisikunywe. Chakula pia nikachagua kikavu. Hakuna kitu inaingia, hakuna kitu inatoka."

Mbambu mwenyewe alipobanwa alifunika masufuria akapanda hadi choo cha kanisani, dakika kumi kwa mguu. Siku zote alifikiri hiyo ndiyo shida.

"Kuna maji ya kula," alimwambia. "Wewe unajua hilo?"

"Maji ya kula?"

"Ndani ya tango. Ndani ya nyanya. Ndani ya majani."

"Tango ni tango," Adyero alisema, akasimama, akafunga vifungo vyake na kurudi kazini.

Jibu lile lilimkaa Mbambu kichwani usiku kucha kama nzi chumbani. Tango ni tango. Naye alijua lina maji, kila mtu anajua, lakini kiasi gani? Asubuhi aliazima mizani ya jirani yake aliyeuza dagaa, wale ambao hapa huitwa mukene, akapima kilo moja ya matango na kilo moja ya karanga za kukaanga, zilezile alizozipenda Adyero. Alihakikisha mshale umegota palepale mara zote mbili. Akamwita Adyero aone kwa macho yake. Kisha akayakata matango vipande vyembamba, akavitandaza juu ya bati la paa la kibanda, karanga akazitandaza pembeni yake, akafunika vyote kwa chandarua kikuukuu.

"Tunafanya nini?" Adyero aliuliza.

"Tunaliuliza jua."

Paa lilionekana vizuri kutoka langoni. Siku tatu zile Adyero alilinda vitu viwili. Kalooli mmoja, wale ndege wakubwa wenye vipara wanaozunguka kwenye majalala, alitua juu ya bati akaanza kuvuta chandarua, na Adyero akampigia filimbi ya kazi mpaka akaruka. Jioni mbili Mbambu alishusha vyote, asubuhi akavipandisha. Wateja waliuliza wanapika chakula gani juu ya paa. Dereva mmoja aliyepita kila siku na lori la mahindi akaanza kuuliza habari za matango kabla ya kusalimia.

Siku ya tatu saa kumi jioni Mbambu alipeleka mizani langoni, wakayapima. Zilikuwa zimebaki ngozi nyembamba za kijani zilizojikunja kama kucha za mtoto. Zote ziliingia kwenye kiganja kimoja. Mbambu aliziweka kwenye mizani, na mshale ukatikisika kidogo tu.

"Haikufika gramu mia," Mbambu alisema, akiinama kusoma. "Ni kama sitini. Sabini ukitaka."

Akaweka karanga. Mshale ukaenda ukasimama karibu palepale uliposimama siku ya kwanza. Zilipungua kidogo sana, na Mbambu alikiri kwamba kiganja kimoja alikila yeye.

Adyero alichukua kipande cha tango, akakivunja. Kililia kama karatasi.

"Kilo nzima," alisema. "Ile yote imekwenda wapi?"

"Imekwenda juu."

Adyero akatazama angani kweli, mkono juu ya paji la uso, kama anayetafuta kitu alichokipoteza. Mbambu akacheka, naye Adyero akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza Mbambu kuyaona meno yake.

Ingekuwa vyema kusema kwamba mambo yalinyooka kuanzia hapo. Hayakunyooka. Mbambu alikuwa na pupa ya mtu aliyeona jibu. Kesho yake alileta tikitimaji zito, akalipasua, na saa nne asubuhi akampelekea Adyero nusu nzima. Adyero alikuwa na kiu ya miezi. Alilila lote hadi kwenye weupe wa ganda, maji yakimtiririka kidevuni, na akaomba msamaha kwa kulila vile.

Saa tano na nusu alianza kubadilisha miguu. Saa sita akawa anatembea hatua nne kwenda, nne kurudi. Malori matatu yaliingia mfululizo na kila mara alipoinama kuandika namba za magari Mbambu alimwona anauma mdomo. Saa saba na nusu karani wa stoo alitoka nje kununua chakula, na Adyero akamsihi amshikie lango dakika chache tu. Karani akamtazama, akatazama huku na huko, akampa ufunguo. Adyero alikimbia.

Aliporudi hakuvuka barabara kuja kibandani. Jioni alipokuwa akiondoka ndipo alipopita.

"Mama Bénit, leo ulitaka kunifukuzisha kazi."

Kwa siku mbili hakununua kitu kwa Mbambu. Alikuja na muhogo wake wa kuchoma ndani ya karatasi. Mbambu alimwona akila ameipa barabara mgongo, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotegemea. Alijilaumu, na wakati huohuo alijiuliza swali jipya, maana hakuweza kujizuia. Maji ya tikitimaji yalipita upesi. Je, yako mengine yanayokaa? Na yakikaa, yanakaa wapi?

Siku ya tatu Adyero alikuja mwenyewe kibandani asubuhi na mapema. Rangi ilikuwa imempotea usoni. Alisema mkojo unamuunguza kama pilipili na kiuno kinamvuta, na kwamba ni mara ya tatu tangu mwaka jana. Keshoye ilikuwa siku yake ya mapumziko. Siku hiyo Mbambu alimwachia Emile masufuria, akaenda na Adyero kwenye zahanati ndogo karibu na soko la Luzira.

Nesi aliyewapokea aliitwa Joska, mwanamke mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alichukua kopo la mkojo, akaliinua dirishani kwenye mwanga. Ulikuwa wa rangi ya chai ya rangi.

"Unakunywa nini kwa siku?" aliuliza.

Adyero alieleza. Mbambu akaongezea habari za matango, na za mizani, na za tikitimaji. Joska alivua miwani akasikiliza mpaka mwisho.

"Mlipima nyinyi wenyewe?" aliuliza. "Juu ya paa?"

"Juu ya paa," Mbambu alisema. "Sasa nataka kujua. Kuna chakula kinachotia maji mwilini polepole, asibanwe mara moja?"

"Kipo kwa kiasi. Tikitimaji nusu tumbo likiwa tupu ni sawa na kunywa jagi. Lakini ukila majani yaliyopikwa, na tango pamoja na ugali, na maharage yenye mchuzi, na chungwa baadaye, maji yanaingia kidogo kidogo pamoja na chakula, na chumvi yake na nguvu yake. Mwili unayatumia yanavyokuja. Jua hili unayatoa kwa jasho hata kabla hujabanwa. Wewe, afande, umekuwa unakausha kila mahali. Karanga za chumvi na mandazi vinakuomba maji, nawe huna ya kuvipa."

"Basi nikila hivyo sihitaji kunywa," Adyero alisema.

"Utahitaji. Chakula kizuri kinakupa sehemu tu, labda fungu moja kati ya matano, pengine zaidi ukila matunda na mboga sana. Mengine ni ya kikombe." Joska aliweka kopo mezani. "Na sikiliza hili, maana ndilo lililokuleta. Mkojo lazima utoke. Vijidudu vinavyokuunguza vinapenda mtu asiyekwenda chooni. Nitakupa dawa, utapona, na ukirudi kujibana saa kumi na mbili mfululizo utarudi hapa. Siku moja vitapanda kwenye figo. Mimi sina tango la kutibu hilo."

Walirudi kwa miguu, polepole, wakitafuta kivuli cha kuta.

"Nilidhani ni jambo la chakula," Mbambu alisema.

"Ni jambo la chakula," Adyero alisema baada ya hatua kadhaa. "Na ni jambo la choo. Ziko mbili."

Kwa lile la kwanza Mbambu alikuwa na la kufanya. Alianza kumpikia Adyero sahani ya peke yake. Saa nne, kikombe kidogo cha uji mwepesi wa mtama. Saa saba, ugali laini na lengalenga, yale majani ambayo Waganda huita dodo, yaliyopikwa na nyanya nyingi hadi yakatoa mchuzi, na pembeni vipande vya tango vilivyokamuliwa ndimu. Alasiri, chungwa moja au kipande cha nanasi. Maji alimpa kwa kikombe cha kahawa, akinywe kidogo kila lori linapopita. Adyero alikula kila kitu, akauliza kila kitu. Kwa nini ndimu? Kwa nini majani yasikaushwe mchuzi? Alisema kwao kaskazini mama yake alipika majani machachu kwa siagi ya karanga, mchuzi mzito, na wakati wa kiangazi hawakula kingine, na sasa ndipo alipoelewa kwamba yule mama hakuwa akibana matumizi tu. Baada ya wiki moja vidonge vya kichwa vilibaki mfukoni. Midomo ikapona.

Kwa lile la pili Mbambu alikuwa na mdomo wake tu. Alhamisi Okidi alikuja na pikipiki kukagua, akakaa kibandani kula kama kawaida yake. Alikuwa mtu wa makamo, sajenti mstaafu, si mkali wala si mpole, mtu wa saa na daftari. Mbambu alimwekea maharage, akamwekea na maji, kisha akasimama palepale.

"Afande, naomba kuuliza. Mlinzi wa kike huwa anakwenda choo gani?"

Okidi aliacha kutafuna.

"Kwani hapa hakuna choo?"

"Kiko ndani kimefungwa. Na lango haliachwi."

Okidi aligeuka akalitazama lango, akamtazama Adyero aliyesimama pale, akarudisha macho kwenye sahani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepita njia moja miaka yote na leo ndipo anaona kuna shimo.

"Hilo ni la ofisi," alisema, akamaliza kula haraka kuliko kawaida.

Adyero alikuja baadaye, amekasirika.

"Umenisemea."

"Nimeuliza tu."

"Kuuliza kwako ni kusema. Sasa atasema mimi nalalamika."

Ilikuwa kweli, na Mbambu alijua. Ikapita wiki, hakuna kilichobadilika. Okidi alikuja akakagua, akala, hakutaja habari ile, ila hakumtazama Mbambu usoni.

Jumatatu iliyofuata Mbambu alipompelekea Adyero sahani langoni saa saba mchana, alimkuta na kitabu cha matukio kwapani. Ni kile kitabu kikubwa cha mlinzi, kinachoandikwa kila saa: gari gani limeingia, nani ametoka, hali shwari. Kiliandikwa kwa Kiingereza, na Adyero alikuwa na mwandiko mzuri, wa herufi zilizosimama kama yeye mwenyewe.

"Kanuni inasema niandike kila kitu kinachoweza kumtoa mlinzi langoni," alisema. "Nimefikiri jana yote. Nitakusomea kwa Kiswahili."

Akafungua, akasoma kwa sauti ya gwaride.

"Saa nne na dakika kumi. Mlinzi anahitaji kwenda choo. Hakuna wa kumpokea. Mlinzi amebaki langoni. Saa tano. Lori moja limeingia, limekaguliwa. Mlinzi bado anahitaji choo. Saa tano na nusu. Hali shwari. Mlinzi bado anahitaji choo. Saa sita. Karani wa stoo ametoka, ameombwa, ameshika lango dakika sita. Mlinzi amerudi. Hakuna tukio."

Mbambu alijishika mdomo.

"Usicheke," Adyero alisema, lakini mwenyewe pembe za mdomo zilimtetemeka. "Ni taarifa."

"Hawatakufukuza?"

"Sijaacha kazi. Sijatukana mtu. Nimeandika kilichotokea. Wakinifukuza, wanifukuze kwa hicho."

Aliandika siku tisa. Hakuongeza chumvi na hakupunguza. Siku hizo hakujinyima kitu; alikula sahani yake yote na kunywa kila kikombe, na alipobanwa aliandika saa na dakika. Karani wa stoo, ambaye kila jioni alilazimika kutia sahihi chini ya ukurasa, alijikuta anasoma yaliyoandikwa. Siku ya nne alikuja langoni mwenyewe saa nne, ufunguo mkononi, akasema kwa kunong'ona, "Nenda basi, usiandike." Adyero alikwenda, akarudi, akaandika kwamba karani amekuja kwa hiari yake na anashukuriwa.

Siku ya tisa Okidi alifika, akafungua kitabu, na Mbambu akamwona kutoka kibandani akigeuza kurasa, polepole, moja baada ya nyingine. Aliposoma yote alitoa simu akazipiga picha. Akawasha pikipiki akaondoka bila kula.

Adyero hakugusa sahani yake mchana ule. Mbambu alimpelekea chungwa, likabaki juu ya ukuta hadi likashika joto.

Kesho yake asubuhi simu ya Adyero iliita. Aliyepiga alikuwa mwanamke wa ofisi ya mjini, anayeshughulikia wafanyakazi, ambaye hajawahi kufika Port Bell. Alitaka kuzungumza na mlinzi anayeandika. Adyero alijibu "ndiyo, madamu" mara nyingi, amesimama wima kama yule mwanamke anamwona. Mwisho akauliza swali moja: aendelee kuandika au asiendelee? Mbambu hakusikia jibu, lakini alimwona Adyero akishusha mabega kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Kabla ya wiki kuisha utaratibu ulibandikwa. Mlinzi wa lango la upande wa ziwa, kijana aitwaye Ojera, atakuja kupokea dakika kumi na tano, saa nne, saa saba na saa kumi. Ufunguo wa choo utatundikwa kwenye msumari ndani ya kibanda cha mlinzi. Ilikuwa karatasi moja, yenye muhuri. Haikuomba radhi, wala ile barua ya onyo haikufutwa. Adyero aliuliza, akaambiwa ibaki kwenye faili. Alisema itamkera mpaka azeeke. Okidi alirudi kula maharage. Siku ya kwanza alipokaa aliomba kikombe cha pili cha maji, akauliza, bila kumtazama Mbambu, kama ni kweli walianika matango juu ya paa.

Mvua zilipoanza mwishoni mwa Machi, kampuni ilileta mlinzi mwingine wa kike kumsaidia Adyero, msichana wa miaka ishirini na mbili aitwaye Amito. Siku yake ya kwanza Mbambu alimtazama kwa hamu. Saa nne Ojera alipokuja, Amito alichukua ufunguo msumarini kama mtu anayechukua kofia yake, akaenda, akarudi akipangusa mikono kwenye suruali. Kisha akavuka barabara kununua chakula. Alipopewa kikombe cha maji alikunywa chote palepale, akaomba kingine.

Mbambu alikuwa tayari amefungua mdomo kumsimulia. Adyero, aliyekuwa nyuma ya msichana, alimtikisia kichwa.

Amito alipoondoka na sahani yake, Mbambu alimgeukia.

"Kwa nini nisimwambie? Ulipigania kile choo siku tisa."

Adyero alimtazama msichana akikaa kwenye kiti cha langoni, kikombe miguuni, akila tango kwanza kabla ya ugali.

"Nataka nimwangalie mtu anayekunywa maji bila kupiga hesabu ya saa," alisema. "Sijawahi kumwona hapa. Niache nimwangalie kidogo."